Betri Ndogo ya Haibridi Inayoisha Kila Mara: Ununue Mpya, Usake Kinachonyonya Umeme, au Ubadili Namna ya Kuegesha?

Chukua Toyota Aqua mbili, magari ya haibridi, yaani yanayotumia petroli na umeme, zilizoegeshwa Ijumaa asubuhi katika uwanja mmoja, wenyewe wakapanda basi kwenda msibani mkoani. Ijumaa iliyofuata wanarudi na kukuta mambo yaleyale: rimoti haifungui milango, taa za dashibodi zinapepesa kama koroboi iliyokaukiwa mafuta, na kitufe cha kuwashia kikibonyezwa husikika tik-tik-tik, kisha kimya. Fundi wa jirani anayabusti magari yote mawili, yanawaka papo hapo, naye anawapa wenyewe ushauri mmoja, kwamba wanunue betri. Kwa mmoja wao ushauri huo ni sahihi kabisa. Kwa mwenzake ni fedha iliyotupwa, kwa sababu baada ya majuma machache atasimama tena palepale akiomba waya za kubusti.

Hesabu yake si ngumu, na ndiyo msingi wa ulinganisho wote unaofuata. Tuseme betri ndogo ina uwezo wa ampea-saa 35 (ampea zinazotolewa zikizidishwa kwa saa) inapokuwa mpya, kiwango cha kawaida kwa haibridi ndogo. Gari la kwanza lina betri ya miaka mingi iliyobakiwa na chini kidogo ya robo ya uwezo huo, yaani ampea-saa 8.4, na linapolala linanyonya miliampea 50 kwa ajili ya saa, alamu na kipokezi cha ufunguo, kiasi ambacho bado kinakubalika. Hiyo ni ampea-saa 1.2 kwa siku, na siku ya saba betri ni tupu. Gari la pili lina betri iliyonunuliwa mwezi uliopita, lakini kuna kitu hakilali, na jumla ya kinachonyonywa ni miliampea 210. Hiyo ni ampea-saa 5 kwa siku, na betri hiyo mpya nayo inaisha siku hiyohiyo ya saba. Dalili ni moja na siku ni zilezile, ingawa dawa ni mbili tofauti. Ndiyo maana haifai kuchagua kwa kutazama dalili peke yake.

Kwanza, betri ipi inayolalamikiwa?

Haibridi ina betri mbili, na mazungumzo mengi ya gereji huzichanganya. Betri kubwa ya Aqua ni ya volti 144, na ya Prius ya kizazi cha tatu, iliyoanza kuuzwa mwaka 2009, ni ya volti 201.6 iliyoundwa kwa moduli 28. Hiyo ndiyo inayosukuma gari na ndiyo inayozungusha injini ili iwake, kwa kupitia mota ya umeme. Betri ndogo ni ya volti 12 kama ya gari lolote, lakini kazi yake ni nyepesi mno: kuamsha kompyuta za gari na kufunga rilei, yaani swichi za umeme, zinazoiunganisha betri kubwa na mfumo mzima. Hakuna stata ya kawaida wala alternata. Betri ndogo huchajiwa na kigeuzi kinachoshusha umeme wa betri kubwa hadi takriban volti 14, na kigeuzi hicho hufanya kazi pale tu ambapo neno READY limewaka kwenye dashibodi, ishara kwamba gari liko tayari kuondoka.

Mambo mawili hutokana na muundo huo. La kwanza ni kwamba betri ndogo ya haibridi haitoi onyo. Katika gari la kawaida betri inayochoka husikika asubuhi, stata inapozunguka kwa kusuasua, na mwenye gari hupata muda wa kujipanga. Katika haibridi betri iliyobakiwa na robo ya uwezo wake huamsha kompyuta vizuri kabisa leo, na kesho isiweze. La pili ni kwamba anayekaa ndani ya gari akisikiliza redio bila kuwasha READY anakula betri ndogo peke yake, hata kama kipimo cha betri kubwa kwenye skrini kinaonyesha imejaa. Wapo waliosikiliza mpira dakika 90 pamoja na uchambuzi wake, kisha wakaomba kusukumwa. Haibridi, kwa bahati mbaya, haiwashwi kwa kusukumwa.

Betri kubwa ikiwa ndiyo mgonjwa, dalili zake ni nyingine: kipimo chake hupanda na kushuka haraka kuliko desturi, feni iliyo karibu na kiti cha nyuma hupuliza kwa nguvu, mafuta huanza kuliwa zaidi, pembetatu nyekundu huwaka, na kompyuta ya uchunguzi husoma msimbo wa hitilafu kama P0A80. Katika hali hiyo safisha kwanza vumbi kwenye tundu la hewa la feni, kisha mpelekee gari fundi aliyesomea haibridi, na usiguse waya wowote wenye ganda la rangi ya chungwa. Ulinganisho huu haumhusu mwenye tatizo hilo.

Namba mbili zinazotenganisha njia

Namba ya kwanza ni umeme unaonyonywa gari likiwa limelala, na ya pili ni uwezo uliobaki ndani ya betri. Watu wengi hutegemea jaribio rahisi zaidi, la kuvua kichwa cha hasi usiku na kutazama kama asubuhi betri bado ina nguvu. Jaribio hilo si baya, lakini linafichua betri yenye hitilafu ya ndani tu, ile inayojimaliza yenyewe. Betri iliyopungua uwezo kwa uzee inaweza kukaa rafuni siku tatu ikisoma volti 12.6 bila kutetereka, kisha ikirudishwa garini ikaisha kwa wiki moja. Anayeishia kwenye jaribio hilo ataambiwa betri ni nzima, na ataanza kusaka uvujaji wa umeme usiokuwepo.

Kwa uwezo, maduka mengi ya betri yana kipimo kinachotoa jibu kwa sekunde chache. Asiye na duka la namna hiyo karibu anaweza kuchaji betri hadi ijae, kuiacha itulie saa kadhaa ikiwa imevuliwa, kisha kuiunganisha na balbu ya halojeni ya wati 55 kwa saa moja huku multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, ikiwa kwenye vichwa vyake. Balbu hiyo hula takriban ampea 4.5. Betri nzima ya ampea-saa 35 itamaliza saa hiyo ikiwa bado juu ya volti 12. Ile yenye robo ya uwezo itashuka chini ya hapo, mara nyingi kabla saa haijatimia. Umeme unaonyonywa nitaueleza mbele, kwa kuwa ndio unaohitaji uangalifu zaidi.

Kipimo kimoja zaidi kisirukwe kwa kuwa ni cha dakika mbili: washa READY na upime vichwa vya betri ndogo. Ukisoma kati ya volti 13.5 na 14.5, kigeuzi kinachaji. Ukisoma chini ya 13, hakuna betri mpya itakayokuokoa, na mahali pa kuanzia ni vichwa vya betri vilivyolegea au kuota ukungu mweupe, pamoja na waya wa hasi pale unapofungwa kwenye bodi.

Njia ya kwanza: betri mpya

Faida ya njia hii ni wepesi. Inachukua chini ya saa moja, haihitaji uchunguzi, na kwa gari lililoagizwa kutoka Japani likiwa na betri ambayo hakuna anayejua umri wake, uwezekano wa kuwa ndiyo suluhisho ni mkubwa. Mimi mwenyewe ningeichagua bila kusita kwa betri iliyopita miaka mitano, hata kama kuna kitu kingine kinachonyonya umeme, kwa kuwa betri hiyo haina muda mrefu.

Ubaya wake ni kwamba betri mpya huficha ugonjwa. Inapofungwa kwenye gari linalonyonya miliampea 210, wiki ya kwanza ya matumizi ya kila siku hupita salama, mwenye gari hushukuru, na uvujaji huendelea kimyakimya. Betri za risasi haziumizwi na kuchajiwa mara nyingi bali na kuachwa tupu. Kila mara inapoachwa ikaisha kabisa, sehemu ya uwezo wake hupotea na hairudi. Kwa njia hiyo gari la pili katika mfano wetu hugeuka polepole kuwa na tatizo la gari la kwanza pia, na hapo ndipo fundi husema kwa dhati kabisa kwamba betri imechoka.

Anayenunua ana uamuzi mwingine ndani ya uamuzi huu, nao ni aina ya betri. Katika Aqua betri ndogo iko chini ya kiti cha nyuma, na katika Prius ya kizazi cha pili na cha tatu iko ndani ya buti, upande wa kulia. Kote kuwili iko katika hewa ileile wanayovuta abiria. Betri inapochajiwa inaweza kutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa urahisi, na kwa sababu hiyo watengenezaji waliweka betri iliyofungwa ambayo asidi yake imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo, ikiwa na kimrija cha kupeleka gesi nje ya gari. Betri hizo kwa alama za Kijapani huanza na herufi S, kama S34B20R, ambapo 20 ni urefu kwa sentimita. Betri ya kawaida ya maji ni nafuu na hupatikana kila kona, na muuzaji atakuhakikishia kwamba inaingia. Ni kweli inaingia, wakati mwingine kwa kubana vichwa vyake kwa kipande cha bati. Bado nisingeiweka chini ya kiti wanachokalia watoto. Ikibidi kuchagua kati ya betri ya maji ya leo na kusubiri wiki moja ya aina iliyokusudiwa, ningeichaji ile kuukuu na kusubiri.

Njia ya pili: kusaka kinachonyonya umeme

Hii ndiyo njia inayoogopwa bila sababu, labda kwa kuwa neno haibridi hutisha. Mzunguko wa volti 12 wa Prius hauna tofauti ya msingi na wa Corolla ya kawaida, na fundi umeme wa magari aliye makini, hata kama hajawahi kufungua betri kubwa, anaweza kuifanya kazi hii kwa usalama. Gharama yake kubwa ni muda na subira, na subira ndiyo inayokosekana katika gereji zenye foleni.

Multimita huwekwa kwenye kipimo cha ampea 10 na kuunganishwa kati ya kichwa cha hasi na waya wake, ili umeme wote upite ndani yake. Kabla ya hapo, kioo kimoja kishushwe, komeo la mlango lifungwe kwa bisibisi ili gari liamini kwamba mlango umefungwa, na ufunguo upelekwe mbali, mita kumi au zaidi, kwa sababu ufunguo ulio karibu unaweza kuliweka gari macho. Katika Prius, buti hufunguliwa kwa umeme, kwa hiyo asiyekuwa mwangalifu atalifunga huku betri imevuliwa, kisha alazimike kutambaa kupitia viti vya nyuma. Baada ya kuunganisha, mtu asome namba baada ya dakika 30 hadi 60, wala si mara moja. Kompyuta za gari huchelewa kulala, na pampu ya breki ya Toyota hizi huamka kila mlango wa dereva unapofunguliwa. Fundi anayepima dakika ya pili na kutangaza kwamba gari linanyonya ampea 2 amepima gari lililo macho.

Namba ikitulia kati ya miliampea 20 na 50, gari halina kosa. Ikibaki juu ya 100, kazi inaanza. Njia ya zamani ni kuchomoa fyuzi moja baada ya nyingine hadi namba ishuke, lakini kuchomoa na kurudisha fyuzi huziamsha kompyuta na kuharibu kipimo. Njia bora ni kuziacha fyuzi zote mahali pake na kupima volti ndogo kati ya ncha mbili za juu za kila fyuzi: isiyopitisha umeme husoma sifuri, na inayopitisha huonyesha sehemu ya milivolti.

Kwa washukiwa, ningeanza na vitu vilivyoongezwa baada ya gari kutoka kiwandani, kabla ya kushuku kompyuta yoyote. Kifaa cha kufuatilia gari kinaongoza orodha yangu. Gari la shemeji yangu lilimaliza betri mbili ndani ya mwaka mmoja kabla haijagundulika kwamba kifaa kilichofungwa na mkopeshaji, kikasahauliwa baada ya mkopo kulipwa, kilikuwa kikitafuta mtandao usiku kucha kutoka maegesho ya chini ya jengo. Hufuatia redio ya skrini kubwa iliyounganishwa moja kwa moja na umeme wa kudumu, kamera ya dashibodi yenye ulinzi wa maegesho, alamu ya ziada, na kile kisomaji kidogo cha misimbo ambacho watu hukichomeka chini ya usukani na kukiacha huko. Taa ya buti isiyozimika, yenye wati 5 tu, hula ampea-saa 10 kwa siku na kuimaliza betri nzima kwa siku tatu na nusu. Kile kisanduku kinachosalimia kwa Kijapani kila gari linapowashwa, kilichokuwa cha kulipia barabara huko kwao, hulaumiwa sana. Mara nyingi hulala gari linapozimwa, ingawa kwa kuwa hakina kazi huku, kukitoa si hasara.

Njia hii ikilinganishwa na ya kwanza, ni nafuu kwa vifaa na ghali kwa saa. Kumpelekea kazi hii fundi wa haibridi mwenye kompyuta ya uchunguzi kuna faida pale tu ambapo fyuzi inayopitisha umeme ni ya kompyuta za gari lenyewe. Kwa redio na vifaa vya kufuatilia, utakuwa umelipia utaalamu usiouhitaji.

Njia ya tatu: kubadili namna ya kuegesha

Kuna gari lisilo na kosa lolote ambalo bado litazimika. Rudi kwenye hesabu: betri nzima ya ampea-saa 35 na gari linalonyonya miliampea 50 hufikia mwisho wake baada ya takriban siku 29. Mwenye gari anayefanya kazi nje ya nchi, au anayelitoa mara moja kwa mwezi, hana cha kutengeneza. Ana cha kupanga.

Mpango unaopendwa ni kuliwasha mara kwa mara. Ni mzuri, ila nusu saa kwa wiki ambayo wengi huishauri ni kidogo kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa miliampea 50 kwa wiki ni ampea-saa 8.4 zinazohitaji kurudishwa, na betri hupokea chaji kwa kasi ndogo kadiri inavyokaribia kujaa. Saa nzima, au safari mbili za kweli, ndiyo kiasi cha kuaminika. Gari liwe kwenye P. Likiwa kwenye N injini inaweza kuzunguka lakini betri kubwa haichajiwi. Wala lisiwashwe ndani ya gereji iliyofungwa, kwa sababu injini hujiwasha yenyewe wakati wowote na moshi wake huua. Njia hii ndiyo pekee inayoitunza betri kubwa pia, ambayo nayo hushuka taratibu gari linapokaa.

Chaja ndogo ya kudumu ni bora zaidi kwa betri ndogo, mradi iwe na mpangilio wa betri zilizofungwa na isizidi ampea 5. Chaja kubwa za vibandani, zilizokusudiwa betri za malori, zinaweza kuichemsha betri ya haibridi kwa usiku mmoja. Kikwazo ni soketi: mwenye nyumba ana soketi gerejini, lakini anayekaa ghorofa ya tano na kuegesha barabarani hana pa kuchomeka. Kwa huyo kuna swichi ya kukata umeme, inayofungwa kwenye kichwa cha hasi. Ni rahisi na husimamisha unyonyaji wote, lakini nayo ina gharama zake: alamu haifanyi kazi, redio husahau stesheni, vioo vinaweza kuhitaji kupangwa upya, na mlango utafunguliwa kwa ufunguo wa chuma uliojificha ndani ya rimoti. Aliyekopa gari ajue pia kwamba kifaa cha kufuatilia kikikatiwa umeme, mkopeshaji hupigiwa kengele kabla yake.

Kinachonisumbua ni kuona swichi hiyo ikifungwa kama tiba ya gari linalozimika kila wiki. Hapo haitibu kitu. Inamfanya mwenye gari afungue kiti cha nyuma kila jioni kwa sababu ya kamera ya dashibodi ambayo ingechomolewa kwa dakika moja.

Nani achague nini

Gari likizimika ndani ya siku tatu au nne huku betri ina umri usiozidi miaka miwili, anza na njia ya pili, na anza kwa kutazama taa na vifaa vya kuongeza kabla hujagusa multimita. Likidumu wiki tatu na zaidi, njia ya tatu inatosha, isipokuwa kipimo cha balbu kikikuambia vingine. Pagumu ni pale pa katikati, siku tano hadi kumi na nne, ambapo Aqua zetu mbili zilikuwa. Hapo pima namba zote mbili siku moja. Ukikuta miliampea 40 na betri inayoshindwa na balbu, nunua betri na ulale. Ukikuta miliampea 200 na betri nzima, usinunue kitu. Ukikuta yote mawili mabaya, jambo la kawaida kwa gari lililobustiwa mara nyingi, ziba uvujaji kwanza ukitumia betri ileile kuukuu iliyochajiwa, kisha ndiyo ufunge mpya.

Kwa siku zote za uchunguzi, kijaziaji cha mfukoni cha kubustia ni ununuzi wenye maana kuliko betri ya pili, kwa kuwa haibridi haihitaji nguvu za kuzungusha stata na hata kifaa kidogo hutosha kuamsha kompyuta. Prius ina sehemu maalumu ya kubustia chini ya boneti, ndani ya sanduku la fyuzi, yenye kifuniko chekundu. Waya nyekundu na nyeusi zitazamwe mara mbili kabla ya kuunganishwa, kwa sababu kuzigeuza kunaweza kuunguza kigeuzi. Usikubali pia gari lako litumike kubusti lori la jirani; heshima ya ujirani itapatikana kwa njia nyingine.